Kitambaa cha Velji cha Kuchujia Maji

Wenzangu wa Buigiri, tangu nirudi kutoka Kondoa kila anayepita barazani kwangu ananiuliza jambo lile lile: kwa nini mzee mzima alionekana njiani siku tatu, ameshika kikombe cha shaba kilichofunikwa kwa jani, na hakubali mtu ampokee. Nimekwisha kueleza mara nyingi kwa mdomo, na kila mara nagundua baadaye kwamba nimejipendelea. Kwa hiyo nimeandika. Atakayewasomea wengine asiruke mahali nilipokosea.

Dodoma hadi Ipagala

Velji mnamjua, yule Mhindi mwembamba mwenye duka la nguo na chumvi karibu na stesheni ya Dodoma. Alinitafuta kwa sababu njia ya Kondoa naijua tangu kabla Wadachi hawajaleta reli. Alitaka kufika kwa kaka yake, Hirji, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka saba.

Sababu ya ugomvi alinieleza mwenyewe bila kujificha. Dini yao haimruhusu mtu kuua, wala kufanya biashara ya kitu kilichotokana na kuua. Hirji alipohamia Kondoa alianza kununua ngozi na pembe. Velji alimfuata huko, akasimama mbele ya watu akasema nyumba ya kaka yake inanuka maiti. Kisha akageuka akaondoka. Sasa zilikuwa zinaanza siku nane ambazo watu wa dini yake hufunga, yeye akila mlo mmoja tu kwa siku na kunywa maji yaliyochemshwa kabla jua halijazama, na siku ya nane kila mtu huwaendea wote aliowakosea akaomba radhi. Habari zilikuwa zimefika kwamba Hirji anaumwa kifua. Velji alitaka siku hiyo ya nane imkute Kondoa, mfungo wake ukiwa safi, haujavunjwa.

Nilihesabu vidole nikamwambia, "Bwana Velji, hiyo ni safari ya siku sita. Tutafika na siku ya kupumzika."

"Unaahidi, Mwalimu?"

Nikaahidi. Mnanijua nilivyo na ahadi zangu.

Wa tatu wetu alikuwa Karolis, fundi wa saa na vito, mtu wa kisiwa cha Seiloni. Aliitwa kwenda kutengeneza saa ya ukutani ya boma la Kondoa. Alikuwa mnene kidogo, mwenye mwavuli na mzaha mwingi. Kwa jina lake nilidhani ni Mkristo mwenzangu, nikamkaribisha tusali pamoja kabla ya kuondoka. Alisimama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba jina hilo babu zake waliachiwa na wazungu waliotawala kisiwa chao zamani, lakini yeye ni mfuasi wa Buda. Basi nikamweka fungu moja na Velji. Nilijiambia: wote ni watu wa upande wa Bara Hindi, wote husema usiue, hawa ni kitu kimoja chenye majina mawili. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na mengine yote yalitoka humo.

Mimi nimezoea kuondoka alfajiri. Velji hakuweka hata tone la maji mdomoni mpaka jua lilipokwisha kupanda. Kisha akatoa kitambaa cheupe, akakikunja mara mbili, akachuja maji ya kisima, akayachemsha. Kile kitambaa akakigeuza, akakisuuza kwa maji aliyokwisha kuchuja, na maji ya kusuuzia akayarudisha ndani ya kisima kile kile, akiinama chini kabisa ili yasianguke kwa kishindo.

Hamisi, Mrangi aliyekuwa mkuu wa wapagazi wetu, aliuliza anafanya nini.

"Nawarudisha kwao," Velji akasema. "Vidudu. Ukimtoa mtu kwake, umrudishe kwake, si kwa jirani."

Wapagazi walicheka sana. Hata viriba vya ngozi alivikataa, akataka maji yake yabebwe katika vibuyu. Siku ya kwanza tukalala Ipagala, mahali ambapo ungeweza kugeuka ukaona moshi wa gari la moshi tulikotoka.

Kwa Mzee Ndahani

Kesho yake tulitembea vizuri mpaka tukakuta msafara wa sungusungu unakata njia, mweusi, mnene kama kamba ya nanga. Sisi tukaruka. Velji akasimama. Tukamwambia aruke, akasema upepo unampeperushia shuka na hajui ataangukia wapi. Karolis akafungua mwavuli, akakaa chini yake, akaanza kumchokoza.

"Mtawa, nao wanakwenda kuua mchwa. Ukiwasubiri unawasaidia wauaji."

"Wao wana hesabu yao, Fundi. Mimi nina yangu."

Tukasubiri hadi wa mwisho kupita. Ili kupoteza wakati nikawauliza ni nani, katika dini yao, aliyewaumba sungusungu. Wakatazamana wakacheka, na hapo wakawa kama ndugu. Hakuna aliyewaumba, walisema wote wawili, wala hakuna wa kumwomba akufutie ulilotenda. Walimu wao wawili walikuwa watoto wa wakubwa, waliishi karibu zama zile zile na nchi ile ile, wakaacha majumba wakaenda kutembea bila kitu. Wote walifundisha kwamba mtu hufa akazaliwa tena, mara zisizo na idadi, na kwamba kazi ya mwenye akili ni kutoka katika mzunguko huo.

"Basi dini ni moja," nikasema, nikiwa nimeridhika sana.

"Wa kwake alijitesa mpaka mwisho," Karolis akasema. "Wa kwangu alijitesa mpaka mbavu zikahesabika, akaona haisaidii kitu, akanywa uji wa maziwa. Mimi nafuata yule wa uji."

"Tumbo lako linasema hivyo," Velji akajibu. Kisha akanigeukia. "Muulize kama ana roho."

Karolis akasema hapana, roho ya kudumu hana. Ukiwasha taa kwa taa nyingine, ni moto upi uliohama?

"Unaona, Mwalimu? Mimi nina roho, na sungusungu ana roho, na katika maji uliyokunywa asubuhi zimo roho nyingi kuliko watu wa Dodoma. Huyu hana hata moja, ndiyo maana anatembea mwepesi."

Mimi nilicheka nikasahau. Laiti ningesikiliza.

Jioni tulifika kwa Mzee Ndahani, Mgogo mwenye tembe kubwa na ng'ombe wengi, tuliyekuwa tukijuana tangu ujana. Tukaamkiana, mbukwa kwa mbukwa, akauliza wageni wangu wanakula nini. Nikamwambia yule mwembamba ana chakula chake, lakini Fundi anakula nyama. Sikuwa nimesema uongo. Jana yake alikula kipande cha nyama kavu aliyonunua Hamisi sokoni. Asubuhi tulipokuwa tunafunga mizigo tukasikia mbuzi akilia nyuma ya tembe, kisha akanyamaza. Karolis akaweka mwavuli chini.

"Ni wa nani yule?"

"Ni wako," nikasema. "Umeheshimiwa."

Uso ulimbadilika. Alinieleza kwamba nyama akiikuta sokoni ataila, lakini mnyama akiuawa kwa ajili yake, akamsikia, hawezi. Velji kwa upande wake hakula nyama ya mnyama aliyekufa kwa njia yoyote. Nikaona kumbe watu wawili wanaweza kukataa sahani moja kwa sababu mbili tofauti. Lakini kwa Mzee Ndahani sababu zilikuwa kitu kimoja tu: mbuzi wake amekataliwa na wageni mbele ya wake zake.

"Mbuzi huyu," akaniambia kwa Kigogo, "hakuchinjwa atazamwe."

Ilinibidi nikae. Huwezi kumwacha mzee katika hali ile ukaenda zako. Nilikiri kwamba kosa ni langu, sikuuliza vya kutosha, na hakulainika. Aliyelainisha mambo alikuwa Velji. Saa ya mlo wake mmoja ilipofika alitoa vimikate vyake vikavu, vyembamba kama karatasi, akamwomba mzee maziwa. Akanywa kibuyu kizima, akasema tangu atoke kwao hajapata maziwa mazuri namna ile. Kisha akaomba kuwaona ng'ombe waliotoa maziwa yale, mmoja mmoja, akawauliza majina yao. Mzee Ndahani akazunguka naye zizini mpaka jua likazama, akimtajia ukoo wa kila ng'ombe. Wapagazi wakamaliza mbuzi. Siku nzima ilikuwa imekwenda, na kesho yake mzee hakutuachilia mpaka adhuhuri, baada ya uji na maagano marefu. Siku ya kupumzika niliyoiahidi haikuwapo tena.

Korongo la mchanga

Siku ya tano ndiyo ninayotaka msomaji asiiruke.

Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi katika nchi kavu, upepo ukitupiga vumbi machoni. Mtama ulikwisha vunwa, mashamba yamebaki mabua. Karibu na saa sita tukafika kwenye korongo la mchanga, ambako wachungaji huchimba shimo wakapata maji. Velji na Karolis walikuwa wametangulia ng'ambo, wamekaa kivulini. Mpagazi aliyebeba kibuyu kikubwa cha maji yaliyochemshwa aliteleza ukingoni. Kibuyu kikapasuka, mchanga ukayanywa maji yote kabla hatujasema neno.

Nilisimama nikapiga hesabu. Nikimwambia Velji, atataka kuchuja, kukusanya kuni, kuchemsha, na kungoja yapoe. Tutalala hapa. Tukilala hapa, siku ya nane itatukuta njiani, na ahadi yangu imekwenda. Asipokunywa kabla ya jua kuzama, hatakunywa tena mpaka kesho, na midomo yake ilikwisha pasuka. Nikachukua kibuyu kitupu, nikakiinamisha ndani ya shimo, nikajaza. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hamisi alinitazama.

"Mwalimu, hayo si yale yake."

"Nyamaza," nikamwambia. "Ni kwa faida yake."

Nilipompa Velji, aliuliza kama ni yale ya asubuhi. Nikasema ndiyo, yamechujwa na kuchemshwa kwa mkono wako mwenyewe. Kikombe chake cha shaba ni cheusi kwa ndani, rangi haikuonekana. Akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Mungu wako akulipe, maana wangu halipi," akanywa vikombe viwili. Kilichobaki kikarudi kwa Hamisi.

Chemba

Tukafika Chemba jua likiwa bado linaonekana. Nilijiona hodari. Asubuhi ya siku ya sita, Velji akiwa kando ameketi katika ibada yake, nilimsimulia Karolis jambo lile, nikitegemea acheke.

Hakucheka. Alikuwa anasafisha bisibisi zake ndogo, akaziweka chini moja moja.

"Kwa nini uliona si kitu?"

"Kwa sababu hakujua. Asiyejua ana kosa gani? Si ndivyo mnavyosema? Wewe mwenyewe mbuzi ulimkataa kwa kuwa ulijua."

"Hivyo nasema mimi," Karolis akasema. "Kwetu uzito uko katika nia. Kama ni mimi niliyekunywa bila kujua, sina doa, doa ni lako uliyedanganya. Lakini hukunipa mimi. Kwao tendo ni kama vumbi. Ukipita penye vumbi umefumba macho, vumbi halikushiki?" Akaichukua tena bisibisi moja. "Uliweka dini yangu katika kikombe chake, Mwalimu."

Nikauliza afanye nini mtu aliyepatwa na hivyo. Akasema Velji mwenyewe angejua, ila lazima aambiwe, kwa kuwa vumbi asiloliona hataliosha. Nikamwomba amwambie yeye. Akakataa.

Siku mbili tulizobakiza nilitembea nyuma. Mara kumi nilimsogelea Velji, na mara kumi aliniuliza habari za miti au za watoto wangu, kwa upole, nikamjibu habari za miti na watoto wangu. Nilijidanganya kwamba nikimwambia njiani atasimama, asimwone kaka yake. Kweli niliogopa uso wake.

Kondoa

Tuliingia Kondoa jioni ya siku ya saba. Ahadi yangu ilitimia, na sikuionea fahari hata kidogo.

Asubuhi ya siku ya nane nilimsindikiza Velji. Ua wa Hirji ulijaa ngozi, zimetandazwa juu ya vigingi, na harufu ilitupokea tangu barabarani. Nilidhani Velji atajifunika pua kwa ncha ya shuka, kama afanyavyo hata kwa moshi. Hakujifunika. Alipita katikati ya ngozi polepole, akipumua. Hirji alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba mlangoni, mzee kuliko nilivyotazamia, amejifunga blanketi. Velji akainama akamgusa miguu, akasema maneno ya lugha yao. Karolis alikwisha kunifundisha maana yake: kama nimekuumiza kwa kujua au kwa kutojua, na liishe. Hirji akamwekea mkono kichwani, akayarudia maneno yale yale. Halafu akakohoa sana, na Velji akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita. Mimi nilitazama ngozi.

Baadaye Velji alitoka akawaendea wote. Alimwendea Karolis. Aliwaendea wapagazi mmoja mmoja, nao wakaona haya, hawajawahi kuombwa radhi na tajiri. Hamisi akamjibu, "Mungu atusamehe sote, bwana," akanitazama mimi. Kisha Velji akaja mbele yangu akakunja mikono.

"Mwalimu, kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

Nikasema, "Nimekusamehe. Lakini mimi sijaomba." Nikamweleza yote, kibuyu, korongo, rangi ya maji.

Alikaa chini pale pale vumbini. Uso niliouogopa haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake. Akauliza ni shimo la upande gani wa korongo. Nikamwambia. Akauliza kama maji yale yamebaki. Hamisi akaleta kibuyu. Kweli yalikuwamo kidogo chini. Velji akatandaza kitambaa chake, akayachuja, akakisuuza kitambaa ndani ya kikombe cha shaba.

"Nimekusamehe," akaniambia. "Hilo lilikuwa langu na lako, limekwisha. Maji ni jambo jingine. Niliowanywa siwezi kuwarudisha. Hawa wanaweza kurudi kwao."

"Kama wangali hai," nikasema.

"Kama wangali hai."

Akanipa kikombe, na kitambaa kile kile cha kukifunikia nitakapofika mahali pa upepo.

Kesho yake, ilipokuwa siku ya kufungua, nyumba ya Hirji waliandaa maziwa, dengu na vitu vitamu. Velji hakula. Alikuwa ameongeza siku moja ya njaa kwa ajili ya vikombe vile viwili. Nilisimama mlangoni nikitamani ardhi inimeze. Hirji aliuliza sababu, akaambiwa, akasukuma sahani yake mbele.

"Nawe ni mgonjwa," Velji akasema.

"Miaka saba hatujala pamoja," Hirji akasema. "Leo tushinde njaa pamoja." Wakakaa kitandani wawili wale, wakipiga soga kutwa nzima kama vijana, na sahani zikaliwa na wapagazi.

Kurudi

Karolis aliimaliza saa ya boma, tukarudi sote wawili na Hamisi. Velji alibaki kumuuguza kaka yake. Ndizo zile siku tatu mlizosikia. Nilibeba kikombe mkono wa kulia, na mkono ukichoka, wa kushoto. Jani likikauka nilichuma jingine. Usiku nililala nimekiweka kati ya mawe. Chemba mwanamke mmoja aliniuliza kama ni dawa, na mtu mwingine akamjibu kwamba ni uzee. Karolis alijitolea kukibeba mara moja, nikakataa, naye hakurudia. Njiani nilimuuliza kama kwa dini yake kazi hii ina maana yoyote.

"Kwa ya kwangu maana iko katika unavyobeba," akasema. "Kwa ya kwake iko ndani ya kikombe. Safari hii beba kwa zote mbili."

Tulifika korongoni saa sita, saa ile ile. Binti wa Kigogo alikuwa ananywesha mbuzi. Nikashuka ndani ya shimo kwa magoti, na magoti yangu mnayajua, nikaondoa jani. Ndani ya kikombe sikuona kitu chochote, maji tu, yamepungua. Nikainamisha mkono mpaka ukagusa maji ya shimo, nikamimina bila kishindo.

"Babu," yule binti akasema, "watu huja hapa kuchukua."

"Mimi nilikwisha kuchukua, mjukuu wangu," nikamwambia.

Alinipa mkono nikapanda. Karolis alikuwa amefunga mwavuli, amesimama juani kichwa wazi. Nilikisuuza kitambaa cha Velji, nikakikamua pale pale juu ya shimo, mpaka tone la mwisho, ndipo tukavuka.